Shikamoo Niliyoshindwa Kuiitikia

Bi Mshauri mpendwa,

Naomba msaada wako, na naomba usilitaje jina langu, maana jina lenyewe ndilo lililoniponza. Mimi ni msichana wa kidato cha tatu, mwoga wa watu, hata mwalimu akiita majina darasani nanyoosha kidole badala ya kusema nipo, na bibi mzaa baba ndiye mtu pekee niliyekuwa naongea naye mpaka mate yananikauka, na sasa amefariki, na mimi ni wajina wake, kwa hiyo tangu utotoni baba ananiita Mama, na baba mkubwa naye ananiita Mama, na bibi alikuwa akicheka anasema, "Nimezaa wanaume wawili, wote wanalelewa na mtoto wa juzi."

Hao wawili hawasemezani. Bibi alikuwa akikaa kwa baba mkubwa, alipoanza kuugua baba akaenda kumchukua, akamwambia kaka yake mbele ya majirani, "Unachomelea watu mageti, mama yako analala na baridi!" na baba mkubwa akajibu kwamba ameibiwa mama mchana kweupe, na tangu hapo wakikutana njiani mmoja anavuka barabara.

Kwetu mtu akifa, wajina wake ndiye anayekalia mkeka wake mlangoni wakati wa matanga. Anayekuja na kinyongo humsalimia huyo kama anamsalimia marehemu, akiitikiwa basi ugomvi anauacha nje pamoja na viatu, anaingia, anakula na wenzake, hakuna kikao wala hotuba. Siku ya kuanua matanga mkeka unakunjwa, na ugomvi uliobaki nje, wazee wanasema, umekosa wa kuufungulia.

Nikakaa mkekani na kanga ya bibi, bado inanuka dawa yake ya kuchua. Baba mkubwa akaja moja kwa moja kutoka karakana, mikono imejaa masizi, akavua viatu, akapiga magoti, mtu mzima yule, na mvi zile, akasema, "Shikamoo, Mama."

Bi Mshauri, nilitakiwa kusema maneno mawili tu: marahaba, mwanangu. Shuleni tunasoma kwa lugha mbili na zote nafanya vizuri, lakini pale sikuwa na hata moja, nilimwona baba amesimama nyuma ya pazia, nilimwona baba mkubwa analia, nikafikiri nikiitika ndiyo nimekubali kwamba bibi hayupo tena, kwamba sasa yeye ni mimi, nikainamisha kichwa. Akasubiri. Kisha akasema, "Haya, Mama. Nimesikia." Akavaa viatu, cha kulia mguu wa kushoto, akaondoka hivyo hivyo.

Sasa shangazi, dada yao, ananiambia jikoni, "We mtoto, kimya chako kimefunga mlango ambao hata kifo kilikuwa kimeufungua." Watu wanasema baba ndiye aliyenikataza. Baba naye ameacha kuniita Mama, ananiita "we binti". Matanga yanaanuliwa Jumamosi, baba mkubwa haji, na mimi sijatoa hata chozi moja tangu bibi afe. Nimtumie ujumbe wa simu? Nimwombe shangazi aende badala yangu? Au niache, maana haya ni ya wakubwa?

Mjukuu aliyebaki na jina

BI MSHAURI ANAJIBU

Pole, mjukuu wangu. Naanza na pole kwa sababu nina hakika katika purukushani zote hizo hakuna aliyekupa.

Sasa nikugombeze. Ujumbe wa simu? Mtu amekupigia magoti na masizi yake, wewe umjibu kwa kidole gumba? Thubutu! Na shangazi mwache jikoni. Ulimi wake ungekuwa wa kupatanisha, kaka zake wangeshapatana. Isitoshe, jina halina wakala.

Wakubwa nao wanisikie, najua gazeti hili litafika huko. Wanaume wazima mmeshindwa kusalimiana, mkamkalisha mtoto mlangoni awabebee mzigo wenu, kisha mnamlaumu kwa kuelemewa. Mmesahau kwamba na yeye amefiwa?

Lakini binti, mkeka usiukimbie. Waliotutangulia walijua kwamba mwenye kinyongo akitaka kusema nisamehe, ulimi unamkwama, wakampa neno jepesi alilolijua tangu anatambaa: salamu. Na kwa kuwa marehemu hawezi kujibu, wakamwachia mtu wa kumwitikia. Kuitika si kugeuka bibi. Utabaki wewe, na mitihani yako utaifanya mwenyewe. Unamfikishia tu mwanawe jibu ambalo mama yake angempa.

Na salamu haiozi. Aliyesalimu juzi ukimwitikia leo, ameitikiwa.

Usingoje Jumamosi, watu watakuwa wengi na wewe nimeshakujua. Kesho ukitoka shule jitande kanga ile ile juu ya sare, nenda karakana. Ngoja kwanza azime mashine, usije ukaitikia cheche. Usianze kujieleza. Simama mbele yake useme, "Marahaba, mwanangu. Twende nyumbani." Sauti ikiwa ndogo haidhuru, watu wa kazi za kelele husikiliza kwa macho.

Mkifika, baba yako atakuwa nyuma ya lile pazia lake. Usimwombe ruhusa. Mwite mwanangu, mwambie apokee viatu vya kaka yake. Si hasira iliyomfanya aache kukuita Mama; mtu aliyefiwa na mama, neno hilo humchoma kinywani. Akikataa, kaa mkekani usibanduke mpaka aone haya. Mama yake angefanya hivyo hivyo.

Wakishaingia wote wawili, kazi yako imekwisha. Vua kanga, nenda nyuma ya nyumba, ulie kama mjukuu, ulie mpaka ushibe, na mtu asikunyamazishe.

Najua unaogopa sauti haitatoka. Basi tuijaribu hapa hapa, hakuna anayekuona. Mimi ni mwanamke wa mvi, meno yangu yanahesabika, na magoti yananiuma, lakini nimeyapiga.

Shikamoo, Mama.