Sitaondoa Mashitaka

Nabuyonga, Mbale

Baba yangu mpendwa,

Asalaam aleikum. Natumai goti limepata nafuu, na Mama na majirani wa Nalufenya hawajambo. Huku tu wazima. Mume wangu Asadu na watoto wanakuamkia.

Baba, kwenye simu uliniambia niache kesi niliyofungua, ukasema wenye mamlaka mpakani humzuia wamtakaye. Ukakata kabla sijajibu. Nakuandikia, maana barua haikatwi.

Nilikuwa narudi kutoka Kisumu kwenye mazishi ya shangazi. Pasipoti yangu ilikuwa sawa. Mkubwa wa zamu pale mpakani alinisikia nikisema Kiswahili, akadai Mganda hasemi hivyo. Nikamwambia mimi ni Mnubi, nimezaliwa Jinja, na sisi Wanubi wa Uganda tumezoea Kiswahili. Akataka nifungue simu asome ujumbe wangu. Nikauliza ni kwa sheria ipi. Akacheka: “Hapa sheria ni mimi.”

Nikafungiwa chumba kimoja na Namukose, muuza vitenge mwenye mtoto wa kunyonya. Kosa lake? Naye aliuliza sababu. Tulilala sakafuni, mtoto akilia kwa baridi.

Sibishi, wana haki ya kukagua pasipoti na mizigo, hata kumzuia wanayemshuku. Lakini katiba inataka mtu akizuiwa aambiwe sababu, na apate wakili. Mpaka ni mwisho wa nchi, Baba, si mwisho wa sheria.

Asubuhi mkubwa alinitaka niandike kwamba nilimtukana, ndipo aniachie. Nilikataa. Asadu, alipoona sifiki nyumbani, alikuja na wakili. Mlango ukafunguliwa bila maelezo yoyote. Nikasema sitoki bila Namukose, na tukatoka wote.

Sasa nikwambie nililokuficha. Askari aliyetufungia mlango ni Hakim, mtoto wa baba mdogo Nasur. Mkubwa alimuuliza kama ananifahamu. Hakim, niliyelelewa naye tukila sahani moja, alinitazama usoni akajibu, “Hapana, afande, simjui.” Hilo liliniuma kuliko sakafu.

Jina lake limo kwenye mashitaka, chini ya la mkubwa wake. Baba mdogo atakuja kwako, atalia, atataja damu. Mpe chai, msikilize. Kisha mwambie kwamba mahakamani nitaulizwa kama namjua Hakim. Nami sitamkana. Nitasema mbele ya watu wote kwamba ni ndugu yangu, na kwamba alinifungia bila sababu.

Mbusu Mama mikono kwa niaba yangu. Mungu akupe afya, na uniombee dua hata kama umekasirika.

Shikamoo Baba.

Ni mimi binti yako,
Nusifa