Mshipa wa Zuhura

Jumatano, 6 Mfunguo Pili
Baada ya Alfajiri nimesoma juzuu yangu, kisha nimeandika kombe kama kila Jumatano: aya kwa zafarani, sahani nyeupe, maji ya marashi. Mjukuu wangu Zuhura amelinywa huku amekunja uso. Kichwa kinamuuma tena. Huu ni mwaka wa tatu, na dawa yangu ni hiyo hiyo.

Leo amewekwa ndani. Ndoa ni Ijumaa ya wiki ijayo. Somo yake, kungwi wa kumfunda, Bi Kazija, amefika na bakuli la singo ya kumsugua, na nyumba nzima inanukia liwa na mawaridi. Nimefurahi. Nimemlea tangu mama yake alipofariki.

Alhamisi, 7
Bi Kazija amekuja kusimama mlango wa chumba changu. Hakukaa.

"Maalim, mimi nshasugua mabibi harusi wasiohesabika. Miguu kama ya huyu sijaiona. Mikono yake ya moto, ina nguvu kama ya mtwanga mpunga. Kiunoni kwenda chini, baridi. Na vifundoni nimetafuta mshipa unaopiga, siusikii."

Nikamwambia ni baridi ya sakafu.

"Sakafu gani hiyo inayochagua kiuno?"

Nimekasirika. Nimemwambia asugue alichoitiwa kusugua. Hasira yangu haikuwa ya haki, nami nilijua wakati nasema.

Jumamosi, 9
Amemtoa. Mwari aliye ndani hatoki, na Bi Kazija ndiye wa kwanza kulisimamia hilo katika mtaa huu. Leo amemfunika buibui na kumpeleka hospitali kwa mlango wa uani nilipokuwa msikitini. Waliporudi hakusubiri nimuulize. "Kanishtaki kwa kadhi ukitaka. Lakini kwanza nenda kamsikilize daktari."

Nimekwenda.

Daktari ni mwanamke kijana, mwenye adabu. Alikuwa amempima Zuhura presha mkononi, kisha mguuni. Ya mkono iko juu sana. Ya mguu iko chini. Amenichorea kwenye karatasi: mshipa mkubwa utokao moyoni, uitwao aota, na mahali ulipobana, mbele kidogo ya matawi yaendayo kichwani na mikononi. Amezaliwa nao hivyo. Damu hupanda kichwani kwa kishindo, na miguuni hufika kidogo. Ukiachwa, mshipa wa kichwani unaweza kupasuka, au moyo ukachoka kabla ya wakati wake.

Akaniuliza kichwa kilianza kuuma lini. Nikamjibu. Akauliza alitibiwa wapi. Nikamtajia kombe.

Sina shaka na Maneno ya Mwenyezi Mungu. Aliyekosea ni mimi, niliyeyafanya kisingizio cha kutokwenda kwa daktari.

Jumapili, 10
Kipimo cha moyo kimethibitisha. Kuna na jingine: vali ya mshipa huo ina vipande viwili badala ya vitatu. Hiyo si ya kutibiwa sasa, ni ya kuangaliwa maisha yake yote. Mshipa ndio wa haraka. Atapelekwa Dar es Salaam. Asishike mimba kabla ya kutibiwa.

Ndugu yangu amenishauri tunyamaze, ndoa ipite, matibabu yawe juu ya mume. Nimemwambia hiyo ni ghushi, na ghushi haijuzu kwenye kuuza mbuzi, seuze kwenye kuoza mtu.

Jumatatu, 11
Nimekwenda Uroa kwa wakwe. Nimewaeleza yote, na karatasi ya daktari nimewaonyesha. Mzee Haji, baba wa bwana harusi, akaikunja karatasi akanirudishia.

"Kwa hiyo, Maalim, umekuja kuturudishia posa?"

"Nimekuja kusema kweli. Uamuzi ni wenu."

Nassor, bwana harusi mwenyewe, ndiye aliyejibu. "Nimemposa Zuhura, Babu. Na huo mshipa nao ni wake." Kisha akaniuliza boti ya kwenda Dar ni saa ngapi.

Ndoa imeahirishwa. Haikuvunjika. Njiani nimelia. Kijana mzuri.

Alhamisi, 14
Naogopa. Nimesomesha watu kumtegemea Mungu kwa miaka arubaini, na naogopa.

Jumatano, 20
Dar es Salaam. Wamemwingiza saa tatu asubuhi. Hawapasui kifua. Hupitisha mrija mwembamba katika mshipa wa paja hadi kwenye aota, na pale palipobana huacha kijibomba cha wavu wa chuma, wakakitanua ili mshipa ubaki wazi.

Nimekaa ukumbini na Bi Kazija. Nassor amesimama muda wote. Nimesoma Yasini na nimepotea aya mara mbili. Mimi, niliyeihifadhi utotoni.

Karibu na Adhuhuri daktari ametoka na barakoa mkononi. Mshipa umefunguka. Presha ya mkono na ya mguu zimekaribiana. Yuko salama.

Nimesujudu pale pale, sakafuni. Sijui nilikaa muda gani. Bi Kazija alikuwa akilia, kisha akanigusa bega: "Inuka, Maalim, wanapita na kitanda."

Alhamisi, 21
Zuhura amekula uji. Nimemkiria kosa langu: miaka mitatu alinilalamikia nami sikumpeleka. Nimemtaka radhi. Akanitazama kwa ule utani wa mjukuu na babu.

"Mume wangu umezeeka, nikusamehe nini? Ila singo yangu imekatizwa. Hiyo nakudai."

Bi Kazija akamwambia itaanza upya tangu siku ya kwanza, wala asitarajie kupunguziwa hata siku moja.

Jumanne, 26
Tumerudi Unguja jana. Vidonge ni asubuhi baada ya kula. Miezi mitatu ijayo tutarudi Dar kupimwa, na kila mwaka baada ya hapo. Mzee Haji amepiga simu. Ndoa ni baada ya Idi, inshallah, daktari akiridhia.

Alasiri nimerudi kutoka msikitini, nimemkuta Zuhura amelala kwenye mkeka barazani, mdomo wazi kidogo. Mvua nyepesi inanyesha uani. Nimekaa karibu naye, nimenyanyua mikono kuomba, nikatafuta la kuomba.

Sikuwa nalo. Nimesema alhamdulillahi, nikaendelea kukaa.