Nilisimama Juu ya Matumbawe

Dada Neema, shikamoo.

Huku kisiwani Mbudya jua linachoma na wali wa nazi tunaula na mchanga. Nilikuja na wanafunzi wa kozi ya matumbawe kama karani wao, ila Dokta anayewafundisha aliahidi kwamba nikiweza kuogelea nao atanihamishia kwenye utafiti.

Leo niliingia majini. Maji yakanipanda puani, nikaanza kutapatapa. Kelvin, mwanafunzi mmoja, akacheka: "Simama tu, sista, maji yenyewe ya kiunoni." Kwa hofu nikasimama, na matumbawe yakavunjika chini yangu kama biskuti. Asubuhi ni mimi niliyewasomea kanuni kwamba hayo ni viumbe hai, hayakanyagwi.

Dokta akaibuka. "Nani amekanyaga?"

"Si ni karani wako huyo," Kelvin akasema. "Watu wa bara hawa, Dokta, bahari wanaionea kwenye kalenda."

Wakacheka wote.

"Kesho ubaki ufukweni ulinde mabegi," Dokta akasema. "Ya utafiti tutaongea siku nyingine."

Nibusie watoto. Na umwambie Mama, taratibu, ile sadaka ya shukrani kwa kazi yangu mpya asiipeleke kanisani Jumapili hii.

Mdogo wako anayekupenda,
Upendo