Mistari Minne Niliyoiruka

Bombo,
S.L.P. Gonja,
Same.
12 Oktoba, 1975

Mpendwa kaka Tumainieli,

Shikamoo kaka. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba baridi ya huko Sofia haijaanza kukuuma vidole kama mwaka jana. Kile kikohozi kimekwisha? Na Novatus, mwenzako wa chumbani, hajambo? Sisi huku tu wazima. Ninaposema wazima, safari hii naomba uniamini, ingawa ukimaliza kusoma utakuwa na haki ya kutoniamini.

Mvua za vuli zimewahi upande wa juu. Maharage tumekwisha panda, na shamba la bondeni linangoja zamu yetu ya maji. Darasa langu la tatu sasa lina watoto hamsini na watatu, na madawati kumi na moja.

Kaka, mwanzo wa barua hii nimeuandika mara tatu nikauchana, kwa sababu kila mara nilijikuta natafuta njia ya kuzunguka. Nitasema tu. Ule unga uliotuma mwezi wa tano, mama hakuunywa. Niliunywa mimi, wote, mpaka kopo likawa tupu. Na ile barua yangu ya mwezi wa saba, niliyokuandikia kwamba mama anakunywa uji wa unga wako na mashavu yameanza kurudi, ilikuwa ya uongo. Tafadhali usikunje karatasi kabla hujamaliza.

Ulituma kifurushi kimoja chenye vitu viwili: kijitabu cha mazoezi ya kuinua vyuma, ulichonitafsiria kwa penseli pembeni mwa picha, na kopo la unga wa protini. Kopo lilikuwa na picha ya mwanamume mwenye kifua kama gunia la kahawa lililojaa. Mama alilizungushazungusha mkononi, akauliza, "Huyu naye amevimba nini?" Tulicheka wote wawili. Kisha nikakaa kigodani kumsomea barua yako, naye akakaa mkekani amekunja mikono, vile anavyokaa kanisani.

Nilisoma salamu, nikasoma habari za mtihani wako na za treni iliyokwama kwenye theluji. Halafu nikafika mahali ulipoandika hivi: "Unga huu ni wa mama. Apewe vijiko viwili kwenye uji kila asubuhi, mpaka nguo zake zimkae tena mwilini. Nilipokuwa naufunga nilikuwa namwona uani anapepeta mahindi, kama kabla hajaugua. Dorkas akiutamani, aambiwe wake ni kijitabu."

Macho yaliiona mistari hiyo minne kabla ya mdomo. Mdomo ukasema, "Nawatumia kijitabu, pamoja na unga wa mazoezi kwa ajili ya Dorkas." Nikaendelea mpaka salamu za mwisho. Sikukwama, sikukohoa, sauti haikutetemeka. Kila siku nawafundisha watoto kusoma bila kuruka neno, nami nikaruka mistari minne kama mtu anayeruka dimbwi, wala sikulowa.

Nataka ujue nilichokuwa nakitaka, si ili unisamehe haraka, bali ili usidhani ni ulafi wa tumbo. Nilitaka mkono wenye nguvu. Nilitaka kuchaguliwa kutupa tufe kwa wilaya, kisha kwa mkoa, huko Moshi. Tangu nimalize kidato cha nne nimekuwa nikijiona kama mtu aliyekwama nusu ya mlima, si wa juu wala wa chini. Nikilishika tufe shingoni, akili yangu inanyamaza. Hakuna kitu kingine kinachoinyamazisha. Kijitabu kilisema misuli bila chakula chake ni sawa na kujenga ukuta bila matofali, na chakula chenyewe kilikuwa pale rafuni, kikiwa na picha ya mwinua vyuma. Siku ya kwanza nilijiambia ni kijiko kimoja tu cha kuonja.

Vyuma nilijitengenezea. Fundi wa zahanati alinipa saruji iliyobaki, nikajaza zege kwenye makopo mawili ya rangi na kuyaunganisha kwa bomba la maji. Kila asubuhi kabla ya shule nilikuwa nyuma ya jiko nachuchumaa na kuinuka, nasukuma juu ya kichwa, mara kumi, napumzika, mara kumi tena, kama ulivyoandika. Akina mama waliokuwa wakipita na kuni wakawa wananitania. "Mwalimu, mzigo huo unaupeleka wapi? Mbona kila siku tunakukuta nao hapo hapo?" Mama alikuwa akinijibia kutoka jikoni, "Mwacheni, anaupeleka Moshi."

Ndivyo alivyokuwa, kaka. Alinisaidia. Kila Jumapili tukitoka kanisani alinipima mkono kwa uzi wa katani na kufunga fundo mahali uzi ulipofika, na fundo jipya likizidi la zamani alifurahi kuliko mimi. Yai la kuku wake aliniwekea mimi. Alisema mwenye kazi ya nguvu ndiye ale. Jumapili moja, kwa mzaha, niliuzungusha uzi ule kwenye mkono wake yeye. Ulizunguka, na kilichobaki kingetosha kufunga tita dogo la kuni. Akacheka, akasema nusu ya mkono wake ilibaki hospitali. Nami nikacheka. Jioni ile nilikunywa vijiko vitatu badala ya viwili, na mpaka leo sijui kwa nini.

Agosti, Jumamosi ya kwanza, tulikwenda kushindana uwanjani Same. Nikawa wa pili, nikachaguliwa kwenda Moshi. Niliporudi mama alikuwa ameshuka mpaka njia panda kunipokea, akakaa chini mara mbili tukiwa tunapanda kurudi. Mara ya pili alisema anafunga kiatu. Viatu vyake havina kamba, unavijua.

Mwisho wa mwezi ule kukawa na msaragambo wa kijiji kizima wa kutengeneza ndiva yetu, bwawa la mashamba, maana masika yalikuwa yameubomoa ukuta wake na maji yote ya kumwagilia yanavuja bure. Kila nyumba ilitakiwa kutoa watu wa kubeba mawe. Nilimwambia mama abaki, mimi natosha kwa wawili. Akasema hajawahi kukosa msaragambo tangu aolewe, wala hataki kusikia watu wanasema nyumba ya marehemu baba imebaki na mtu mmoja.

Alijitwika jiwe ambalo mtoto wa darasa la tano angelibeba. Alikwenda kama hatua kumi. Akaketi kwenye tope na jiwe likamdondokea ubavuni, ila halikumuumiza. Nilikimbia nikalichukua jiwe lake, nikaliweka begani, na langu likiwa kichwani, nikapanda nayo yote mpaka ukutani bila kupumzika. Watu wakapiga vigelegele. Nakiri kwamba kwa kitambo kidogo nilivifurahia.

Ndipo jirani yetu, Mama Gideoni, ambaye ulimi wake unaujua, akasema kwa sauti, "Mama Tumainieli, hebu tuambie ukweli. Huyu binti ulimwachisha kweli? Maana naona wewe unakauka na yeye ananona. Nadhani bado ananyonya."

Bonde zima lilicheka. Mama naye alicheka, palepale kwenye tope, akajibu, "Nimemshindwa, ana meno sasa." Wakazidi kucheka. Mimi nilikuwa nimesimama juu ya ukuta, jiwe bado liko begani, na nilishindwa kulitua. Waliyasema kama utani, lakini kati ya watu wote waliokuwa pale ni mimi peke yangu niliyejua kwamba ndivyo ilivyo.

Nilimwambia mchana uleule, tuliporudi, akiwa anachambua maharage ya makande. Nilisema yote kwa mfululizo bila kumtazama. Aliendelea kuchambua mpaka ungo ukaisha. Kisha akasema, "Ilete barua."

Nikaileta. Akasema, "Soma hapo uliporuka." Nikasoma ile mistari minne. Nilipofika mahali pa kupepeta mahindi uani aliinua mkono niache. Akasema, "Rudia hapo." Nikarudia. "Tena." Nikarudia mara ya tatu, na safari hii sauti ndiyo iliyonishinda, wala hakunisaidia.

Kaka, nilikuwa nimejiandaa kwa hasira juu ya unga. Hakuutaja unga. Alisema, "Unga ungeniomba ningekupa, wewe ni mwanangu. Lakini haya maneno yalikuwa yangu. Miezi mitatu nimekaa nikijiuliza mwanangu ameniandikia nini mimi, nikaona kumbe hana la kuniambia, ametuma vitu vya mdogo wake. Haya ulininyima ya nini? Haya yangekunenepesha nini?"

Nimelichunguza swali lile kutoka kila upande, kama nilivyozoea kuchunguza mambo, na kila ninapolishika linanikata. Ningeweza kuisoma mistari yako kisha nikamwomba. Angenipa nusu, pengine zaidi. Nadhani sikutaka kupewa. Nilitaka kiwe changu tangu mwanzo, hata katika maneno yako.

Nilimwambia sitakwenda Moshi. Akanitazama kama mtu asiye na akili. "Usipokwenda, unga ule umekwenda wapi?" Basi nikaenda. Nikawa wa nne. Nilitupa vizuri, wala sikuwa na ugonjwa wala kisingizio, ila nilipolishika tufe shingoni akili haikunyamaza.

Siku hizi ninakata majani ya ng'ombe wa Mama Gideoni, matita mawili kila jioni, naye ananipa chupa ya maziwa asubuhi kwa ajili ya mama. Yai analikula yeye, na ninakaa pale mpaka alimalize, maana asipoangaliwa anaanza kuligawa. Makopo yangu ya zege bado yako nyuma ya jiko. Mama alisema nisiyatupe, lakini sijayagusa. Gauni lake la kanisani bado linamning'inia, ila Jumapili iliyopita alipanda mpaka kanisani akapumzika mara moja tu. Hili ni kweli. Ukitaka, muulize mtu mwingine.

Jambo jingine ni kwamba mama ameanza kisomo cha watu wazima. Unakumbuka kampeni ilipokuja hapa alivyokataa, akamwambia Mwalimu Eliufoo kwamba yeye mwalimu wake yuko ndani ya nyumba. Jumatatu iliyofuata baada ya siku ile alichukua daftari jipya, akaenda mwenyewe, hakuniaga. Anakaa benchi moja na Mama Gideoni. Kazi yake ya nyumbani anaifanya mezani mbele yangu na haniulizi neno. Juzi alikwama kwenye herufi moja mpaka jasho likamtoka. Nilinyosha kidole kumwonyesha. Akaufunika ukurasa kwa kiganja.

Barua yako ya Septemba imefika. Niliichukua mwenyewe posta ya Gonja na kupanda nayo. Nikampa mama, nikavuta kigoda nikakaa kama kawaida. Akaitazama stempu, akaifunga kwenye pindo la kanga, akatoka kwenda kwa Mwalimu Eliufoo kusomewa. Aliporudi alikuwa na uso mkunjufu. Akapika, tukala, akauliza habari za watoto wa shule. Hakusema umeandika nini, nami nimeona sina haki ya kuuliza. Kwa hiyo kama mle ndani ulikuwa na swali langu, usidhani nimelipuuza, maana sijui kwamba nimeulizwa. Kama ulikuwa umenisifu kwa kumtunza mama, basi nashukuru sikuisoma.

Nakuomba mawili. Barua zijazo ziandike jina la mama juu ya bahasha, na andika kwa herufi kubwa zilizoachana, maana mwandiko wako wa chuo hata mimi hunitoa jasho. Na ukituma kitu chochote tena, kitume kwa mikono ya Mwalimu Eliufoo. Nimekwisha mwambia sababu. Nilidhani kumwambia mtu wa tatu kungenivunja; kumbe baada ya kumwambia mama hakuna tena ambaye siwezi kumwambia, isipokuwa wewe, ndiyo maana barua hii imechelewa.

Shangazi Ernesta wa Maore anakusalimu sana, anauliza kama huko kuna mchele. Baba mdogo Filipo naye hajambo, amepata zamu ya kulinda ndiva na anajiona mkuu wa wilaya. Mchungaji anakukumbuka katika maombi. Mungu akulinde katika baridi hiyo, akufungulie masomo yako, na akurudishe kwetu ukiwa mzima wa mwili na wa moyo.

Salamu za mama hazimo humu. Nilimwuliza jana kama ana neno la kukutumia ndani ya barua yangu. Alikuwa ameinama juu ya daftari, anachonga kalamu kwa kisu cha jikoni. Akasema hapana, mimi niandike ya kwangu niyamalize. Ya kwake atakuandikia mwenyewe.

Ni mimi mdogo wako akupendaye, mwenye haya mbele yako,
Dorkas