Maboksi Thelathini ya Mkurugenzi

Jumatatu, 5 Mei

Leo amekuja mhasibu. Yule yule wa ofisini kwetu — kwao! Nitajifunza lini? Nilifungua mlango nikamkuta amesimama kama mtu aliyeleta habari za msiba. Nikamwambia apite, humu hatung'ati.

Akakaa kwenye kiti cha cherehani cha dada, magoti pamoja. Akaitazama kompyuta, akaitazama printa, kisha maboksi ya zawadi ya wateja juu ya kabati: la kichanga, lenye alama za nyayo zake, la bibi anayetimiza sabini, limezungushiwa maua ya gauni lake la usichana, niliyoyatoa kwenye picha ya zamani. "Kumbe kweli," akasema. Kumbe kweli nini? Kwamba ninaweza?

Mkurugenzi anastaafu. Hafla Jumamosi ya wiki ijayo. Wageni thelathini, kila mmoja aondoke na boksi lenye kikombe, na mwenyewe apewe moja kubwa. Nikauliza yafanane na nini. Eti picha ya jua linalozama, na maneno Safari Njema. Nikamwambia mtu anastaafu, hafi!

Tayari yuko mlangoni, ndipo akageuka. Kuna sharti moja dogo. Nisibandike ile lebo yangu ya chini, yenye jina na namba ya simu. Mkurugenzi asijue ni kazi yangu, siku yake isije ikaharibika. "Unaelewa, mama."

Naelewa sana! Nimemjibu nitafikiria. Nilitakiwa kumpa vidonge vyake pale pale.

Jumanne, 6 Mei

Dada anasema nichukue kazi nifunge mdomo. Lebo ni karatasi tu. Yeye ameshona magauni maisha yake yote na hajawahi kushona jina lake kwenye pindo la mtu. Nikamwambia, dada, wewe hujawahi kuambiwa mbele ya watu kwamba mikono yako imezeeka. Akawa anatafuta tundu la sindano.

Niandike mara moja, nisirudie. Miaka kumi na minne nilikuwa katibu wa mkurugenzi. Walipoleta kompyuta alinipa wiki mbili, kisha akasimama katikati ya ofisi: "Mama, hii si taipureta. Hii imekupita." Watu wakaangalia viatu vyao. Mhasibu naye akaangalia vyake. Kesho yake nikakuta kwenye trei barua kwa mwandiko wake, nichape. Ilikuwa ya kuniachisha kazi mimi! Nani mwingine angeichapa?

Nikaichapa. Haikuwa na kosa hata moja. Na chini kushoto, kama barua zote zilizotoka pale, nikaweka herufi za kwanza za jina lake kwa herufi kubwa, kimstari cha mshazari, halafu za jina langu kwa herufi ndogo. Ndio utaratibu. Kubwa za mwenye barua, ndogo za mchapaji. Alikuwa hatii sahihi kabla ya kuitazama kona ile, na siku hiyo pia aliitazama.

Kompyuta yangu hii ni ya mkono wa pili, pembe yake moja imepasuka. Hakuna aliyenifundisha. Ilinipita, nikaikimbiza mpaka nikaikamata. Nina hasira. Basi kwa leo.

Alhamisi, 8 Mei

Nimempigia mhasibu. Alipokea mlio wa tatu — bado wanaiogopa ile sheria ya mkurugenzi, simu ya ofisi isilie mara ya nne! Nikamwambia jua linalozama sichori. Kila boksi litakuwa faili. Jalada la kaki, kichupo chenye jina la mgeni, na muhuri mwekundu. Akauliza je, hilo si la kazini mno? Nikamuuliza mkurugenzi ana kitu gani kingine zaidi ya kazi. Akakubali.

Kuhusu lebo nikasema tutaona. Akaguna.

Mchana wote nimekaa kwenye skrini, nimesahau hata kula. Nawajua wote! Mlinzi: "Faili la Funguo Zote, na Ule Uliopotea." Mama wa chai: "Maombi ya Sukari, Juzuu ya Tisa." Dereva: "Taarifa ya Kuchelewa: Sababu Zote." Nimecheka peke yangu mpaka dada akachungulia. Boksi kubwa nimelichora kama trei ya mezani, barua zinazoingia juu, zinazotoka chini.

Jumapili, 11 Mei

Aibu! Aibu tupu!

Nimeprinti yote thelathini. Nimekata, nimekunja, nimegandisha. Yamepangana mezani utadhani yametoka kiwandani. Dada akaleta kikombe cha kujaribia. Hakiingii. Nikakizungusha. Hakiingii! Nikasukuma, ukingo ukapasuka.

Dada akavua utepe wake wa kupimia shingoni. Upande niliouchora sentimita kumi na mbili umetoka kumi na moja na nusu. Nikarudi kwenye kompyuta mbio. Pale kwenye kidirisha cha kuprinti kuna kiboksi kimetiwa alama ya vema: punguza, itoshee ukurasa. Kumbe printa imenisaidia bila kuombwa! Imepunguza kila kitu, tena sawasawa. Boksi na mfuniko wake vinaingiana vizuri kabisa, na jicho halioni kasoro yoyote. Na mimi niliyekuwa napima pambizo za barua kwa rula, sikupima hata moja.

Kwa dakika moja nikamsikia. Hii imekupita. Nikasema kwa sauti: "Toka nyumbani kwangu!" Dada akadhani namfukuza yeye, akaanza kukusanya vitambaa vyake.

Sikulia. Narudia yote.

Jumanne, 13 Mei

Wino mwekundu umekwisha. Wa njano unatoa michirizi. Dukani wanasema mpaka wiki ijayo. Wiki ijayo ya nini? Hafla ni Jumamosi!

Nikasimama pale kaunta kama nguzo. Nyuma ya muuzaji kulikuwa na rundo la majalada ya kaki, yale yale ya ofisini, yamefifia kwa kukaa. Nikachukua yote. Nikayakata yaenee kwenye printa, nikaondoa rangi zote, maandishi meusi peke yake, ya herufi zenye vijiguu kama za taipureta. Kile kiboksi cha vema nimekifuta. La kwanza nikalipima kabla ya kukata. Kumi na mbili kamili! Kikombe kikashuka taratibu mpaka chini, kikatulia.

Sasa yanafanana na faili kuliko faili lenyewe. Yale yaliyopunguka dada ameyachukua kuwekea vifungo. Anasema hata mimi sasa nina kiwanda chenye mabaki.

Jumatano, 14 Mei

Mhasibu amekuja kukagua machache ya mfano niliyokwisha kukunja. Akalishika la mlinzi, akacheka. Akalitafuta lake. "Hesabu Zisizo na Kosa," limeandikwa. Akalishika muda mrefu.

Kisha akauliza, na lebo? Nikasema bila lebo hakuna boksi, hata haya nayageuza ya vifungo. Akaanza kunisihi. Atalaumiwa yeye, mkurugenzi ana kinyongo, mimi ni mtu mzima nimsitiri. Nikamuuliza, siku ile mbona hukunisitiri? Akaangalia viatu vyake. Viatu vipya, lakini kichwa kiliinama vile vile.

"Ningesema nini, mama?"

"Ungesema hapana. Neno fupi tu."

Akasema kwamba kila siku anapita kwenye meza yangu na hajawahi kuizoea. Nikamhurumia, Mungu anisamehe. Nikamwambia haya, lebo sitabandika. Akanishukuru mara tatu. Hakujiuliza kwa nini nimelainika haraka hivyo.

Ijumaa, 16 Mei

Lebo sikubandika. Neno langu ni neno.

Ila boksi lenye umbo la faili lazima liwe na kona ya chini kushoto, au siyo? Asubuhi nikaichapa. Vidole vikaenda vyenyewe: zake kubwa, kimstari, zangu ndogo. Nikaprinti la majaribio. Nikakaa nikaliangalia, chai ikapoa.

Barua zilikuwa zake. Yeye ndiye aliyesema, mimi nikachapa. Lakini hili nani kalisema? Nani kalichora, kalikosea, kalirudia, kalikunja? Yeye ndiye anayehudumiwa humu. Nikafuta. Nikaandika upya: zangu kwa herufi kubwa. Kimstari. Zake kwa herufi ndogo.

Nikaprinti maboksi yote thelathini na moja hivyo, nikakata, nikakunja.

Dada akavaa miwani, akasoma, hakuelewa. Nikamweleza. Akasema nitakosa wateja, nitakosa adabu, nitakosa yote. Halafu akaanza kucheka, pini zikamtoka mdomoni, tukazitafuta sakafuni wote wawili kwa magoti. Alipoinuka akasema sasa naye ataanza kushona jina kwenye pindo.

Saa tisa mhasibu akaja na gari. Akageuza boksi moja moja, akatazama chini, hakuona lebo. Akashusha pumzi. Kona ya kushoto mhasibu haiangalii, yeye ni mtu wa jumla za hesabu, macho yake yako kulia daima.

Jumamosi, 17 Mei

Hafla ilianza saa nane. Sasa ni saa kumi kasorobo. Nimepiga deki mara mbili. Dada anashona mshono ule ule tangu mchana, anafumua, anashona.

Nimejiuliza kama ninaogopa. Kidogo, ndiyo. Mkurugenzi anajuana na nusu ya wateja wangu, neno lake moja linaweza kunifungia mlango huu. Lakini sijutii hata kidogo! Lingekuwa la kurudia, ningelirudia, na herufi ningezikoleza.

Simu inalia.

Namba naijua, haihitaji jina. Ni ya ofisini. Meza ya karibu na dirisha — meza yangu, simu niliyoipokea miaka kumi na minne. Leo Jumamosi ofisi imefungwa, ni ukumbi wa chini tu uliofunguliwa. Mtu amepanda ngazi makusudi. Mhasibu hana ufunguo wa chumba kile. Mwenye ufunguo ni mmoja.

Dada amesimamisha mguu kwenye cherehani. "Pokea basi!"

Mlio wa tatu.

Anangoja nidake, kama zamani. Nitapokea. Kwanza namaliza mstari wangu.

Wa nne. Wa tano.