Ombi la Mvua

Tingi, Jumapili jioni, mwezi wa kumi

Sasa nilikosea wapi? Katekista ndiye aliyenipa zamu ya kusoma maombi ya waamini. Visima vimekauka, nikaandika tuombe mvua.

Nikasoma leo kanisani. "Ee Bwana, twakuomba utusikie" ikaitikiwa na akina mama tu. Upande wa wanaume kimya. Hata mume wangu aliinama akatazama viatu vyake.

Nje nilimpa Mzee Mathayo shikamoo. Kabla ya marahaba akaniuliza, "Mwanangu, korosho ziko chini, zikilowa zimeharibika, na wewe unaita mvua?"

Huku Mama Agata, anayefuata maji nusu siku, ananikumbatia: "Jumapili ijayo omba tena!"

Nilimuuliza katekista. Eti niombe "hali ya hewa njema". Njema kwa nani? Ndoo zangu ni tupu, na korosho zetu wenyewe zimeanikwa uani. Nilipokuwa nasoma sikuzikumbuka kabisa. Au nilizikumbuka...

Kumenguruma. Mume wangu amekimbilia turubai, ananiita nishike upande wa pili. Nimeinuka, na mkononi nimeshika ndoo.