Ngoy Bado Yuko Kwenye Garaje Yako

Papa,

Nakuandikia nikiwa na hasira, na hasira yenyewe ni ya wivu. Nasema mapema ili usihangaike kutafuta kisa. Ngoy, fundi wako, bado yuko kwenye garaje yako hapa mtaani Hewa Bora. Anavaa kofia upande kama wewe, anakohoa kabla ya kufungua boneti kama wewe, na wateja wakimwona wanatabasamu kana kwamba hukufa. Mimi niliyezaliwa na wewe, niliyejifunza kazi hii mikononi mwako, wananiuliza, "Ngoy iko?"

Kwenye kilio chako nilivumilia. Watu waliingia uani, wakapita mbele ya kiti changu, wakaenda kumpa yeye pole kwanza. Siku ya kumaliza kilio, tuliponyolewa nywele sisi watoto, naye alikuja kukaa mkekani akainamisha kichwa anyolewe. Hakuna aliyemwambia ondoka. Mama alisema tu, "Muache, naye iko mutoto." 

Sasa Mama amenipa funguo za garaje. Amesema niamue mwenyewe, Ngoy abaki ama aende. Kuna garaje huko Ruashi inamtaka. Na mimi nilikuwa nimekwisha kuamua, Papa. Nilikuwa nangoja tu siku nzuri ya kumwambia aende.

Ndipo likaja gari la Mama Kavira.

Unamkumbuka, yule wa Kivu anayeuza mchele kwa jumla. Amenunua gari la umeme. Hukuwahi kuyashika haya. Halina injini ya mafuta wala sauti, linakufikia mgongoni taratibu kama mtu anayekuja kuomba msamaha. Alilileta kwa sababu kila asubuhi anakuta dimbwi chini yake. Vijana wa jirani walijaa mlangoni wakicheka, "Motoka ya courant inakojoa nini?" Ungecheka nao.

Lakini lina vya kuvuja. Kuna mafuta ya breki, kuna mafuta ya gia, kuna maji ya kiyoyozi ambayo hudondoka tu na si ugonjwa, na kuna maji ya rangi ya kupoza betri na mota. Kifaa cha kusomea makosa ya gari kilituambia kwamba hayo ya betri yamepungua. Ngoy akakimbilia bidon la maji ya bomba aongeze, kama tunavyofanya sisi wote kwa magari ya hapa. Nikampigia kelele aliweke chini. Maji ya bomba yanapitisha umeme, na kwenye betri kama ile yanaweza kuharibu kila kitu. Akaliweka chini, akasema asante. Nakuambia ukweli, nilifurahi kupita inavyomfaa mtu aliyetoka misani asubuhi ile.

Nikaanza na niliyoyasoma juu ya magari haya. Tulikata umeme kwanza, tukavaa glavu, tukakaa mbali na nyaya za rangi ya chungwa. Halafu, kama ulivyonifundisha, nikapasua makatoni ya sabuni, nikayatandaza chini ya gari, nikayawekea mawe yasipeperuke, nikayaacha yaseme. Mbele palikuwa na majimaji yasiyo na rangi, yaliyokauka bila alama: kiyoyozi. Nyuma, chini ya mota, doa la buluu, pana, lenye utelezi ukilisugua kwa vidole. Nikajaza upepo kwenye tangi dogo la maji hayo kwa pampu ya mkono, na mshale wa kipimo chake ukaanza kushuka. Mota ndiyo inavuja, nikasema kwa sauti ili wote wanisikie. Nikaanza kuzungumzia kuishusha. Mama Kavira alikuwa ameketi kwenye benchi, mikono kichwani.

Ngoy akalala chini, akatazama kwa muda. Halafu akasema, kwa sauti yako kabisa, Papa, "Usiangalie kwenye inaangukaka. Tafuta kwenye inatokeaka."

Tulifungua kinga ya plastiki iliyo chini ya gari. Juu yake palikuwa na mfereji mwembamba wa buluu, ukitoka mbele kabisa hadi kwenye tundu la nyuma. Tukaufuata. Mbele, mpira unaoingia kwenye betri ulikuwa umepasuka pale ulipobanwa na koliye, ile pete ya chuma, iliyokazwa kupita kiasi. Mota ilikuwa nzima. Tulikata ncha mbovu, tukaweka koliye mpya, tukajaza maji yake yenyewe yaliyoagizwa kutoka upande wa Zambia, tukatoa hewa, tukapampu tena. Mshale ukasimama. Mama Kavira akanishika mikono, kisha akamkumbatia Ngoy.

Mimi sikuwa nasikia tena. Maneno yale. Uliyasema lini? Nimekula bukari na wewe kila jioni. Najua ulivyopuliza chai, najua goti lipi lilikuuma mvua ikikaribia. Na maneno yale hukuniambia, ukampa yeye! Wivu uliniuma mpaka nikaenda kunawa mikono ambayo nilikwisha kuinawa.

Nilimuuliza. Akasema ni siku ile mlipokwenda Kasungami kutengeneza lori la mkulima, mvua ikawakuta. Ulikuwa chini ya lori, tope mpaka masikioni, unaimba wimbo wa kanisa na unakosea maneno makusudi ili acheke.

Ulikuwa unaimba? Papa, sikujua kwamba unaimba.

Nilikaa juu ya tairi, nikalia mbele yake, jambo ambalo hata kwenye kilio sikulifanya. Maana maneno yako niliyo nayo nimeyarudia mpaka yamechakaa. Nayajua yote. Najua utasema nini kabla sijakukumbuka.

Basi nimemwambia abaki. Usidhani ni huruma, wala usidhani nimepoa. Akivaa ile kofia upande bado natamani kumvua. Lakini ana maneno yako ambayo sijawahi kuyasikia, na sitaki yaende Ruashi.

Pumzika, Papa wangu. Nakuahidi nitamuuliza neno lako moja leo, jingine siku nyingine, polepole, ili usiniishie upesi.

Binti yako,
Mwadi